Sakafu, Kuta, Mbao na Dari: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Ndani Vitakavyodumu Uganda

Kabla hujaingia duka lolote la vifaa, zunguka nyumba na daftari. Andika, chumba kwa chumba, ni kitu gani kitakachokishambulia. Maji yatatoka wapi na kwa wingi gani? Vumbi linaingia kwa mlango upi? Moto utawashwa wapi, na ni wa gesi, wa sigiri au wa tadoba umeme ukikatika? Jua linapiga dirisha lipi? Na nani atafanya usafi, tena kwa kutumia nini? Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Sakafu ambayo muuzaji anasema ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa haitafika mbali katika nyumba ambako kila asubuhi ndoo ya maji ya sabuni humwagwa na tambara kusukumwa hadi mlangoni. Rangi unayoipenda itapata zamu yake baadaye.

Mazingira yetu yana tabia zake. Vumbi jekundu la maramu huingia na viatu, na chembe zake ngumu hufanya kazi ya msasa juu ya kila kinachong'aa. Sehemu za kusini hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Gulu, Arua na Karamoja wana kiangazi kirefu ambapo mbao iliyofungwa ikiwa mbichi hupasuka yenyewe usiku. Entebbe, Jinja na visiwa vya Kalangala hukaa na unyevu wa ziwa mwaka mzima, na Kabale baridi ya asubuhi hufanya ukuta utoke jasho. Kwa kuwa ikweta inapita nchini mwetu, madirisha ya mashariki na magharibi hupokea jua la chini linalofika hadi katikati ya chumba miezi yote. Kochi la kitambaa cheusi au pazia la rangi kali likiwekwa upande wa magharibi hupauka haraka, hata liwe la bei gani. Mchwa nao wako karibu kila wilaya.

Ukuta: unyevu kabla ya rangi

Rangi nyingi zinazolaumiwa kuwa mbaya hazina kosa. Ukuta ndio ulikuwa haujakauka, au unanyonya maji kutoka ardhini. Plasta mpya ya saruji inahitaji walau siku 28 kabla ya rangi, na zaidi ya hapo msimu wa mvua. Saruji mbichi ina alkali kali. Ikichanganyika na unyevu hula rangi, huipausha kwa mabaka na kusukuma chumvi nyeupe nje.

Pima hivi. Kata karatasi ya nailoni safi, sentimita 60 kwa 60, uibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha tundu. Iache saa 24. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, au ukuta chini yake ukiwa mweusi kuliko sehemu nyingine, subiri. Rudia baada ya wiki. Fanya kipimo hiki karibu na sakafu na pia kwenye kimo cha kifua. Chini kukiwa na maji na juu pakavu, tatizo ni maji yanayopanda kutoka msingini, na hayo hayaishi kwa kusubiri.

Maji ya kupanda hujitambulisha pia kwa macho: rangi hubabuka kuanzia kwenye skatingi hadi karibu mita moja, na juu ya hapo ukuta ni mzima. Mafundi wengi hupaka rangi ya mafuta sehemu hiyo ili "ifunge". Inafunga kweli, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi na kuinua rangi kwa malengelenge. Dawa inaanzia nje. Ardhi iwe chini ya karatasi ya kuzuia unyevu, ile inayolazwa ndani ya ukuta juu ya msingi, kwa milimita 150 au zaidi. Ondoa udongo au zege lililorundikwa dhidi ya ukuta, elekeza maji ya paa mbali na nyumba. Kisha bandua plasta iliyooza hadi kwenye tofali, sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, acha tofali lipumue kwa wiki kadhaa, piga plasta mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Matofali yetu ya kuchoma hunywa maji sana, kwa hiyo ukuta uliojengwa bila karatasi hiyo utasumbua kila msimu.

Ukuta ukishakauka, anza na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kuhimili alkali, koti moja. Skimu, yaani ule unga mweupe wa kulainisha, ipigwe nyembamba: milimita 1 hadi 2 kwa mkono. Skimu ya jipsamu isiingie bafuni wala nyuma ya sinki, maana ikilowa hugeuka uji. Huko tumia ya saruji nyeupe. Kosa la kawaida ni skimu nene ya kuficha plasta iliyopinda. Baada ya mwaka hutoka kwa vipande vizima, rangi ikiwa bado imeshika juu yake vizuri tu.

Aina ya rangi iamuliwe na mikono itakayogusa ukuta. Rangi ya maji isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta na inafaa dari na chumba cha wakubwa, lakini ukiisugua hubaki na alama. Ya maji yenye mng'ao wa hariri huoshwa kwa sifongo na sabuni. Iweke sebuleni, koridoni, chumba cha watoto. Itaonyesha kila bonde la ukuta, kwa hiyo kazi ya msasa iwe nzuri. Rangi ya mafuta iende kwenye milango, fremu na vyuma. Wengine huipaka nusu ya chini ya koridoni kama shuleni. Inafanya kazi, mradi ukuta uwe mkavu kabisa.

Hesabu usiachie fundi peke yake. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3 kina mzunguko wa mita 15, hivyo kuta zake ni mita za mraba 45. Toa mlango (0.9 × 2.1) na dirisha (1.5 × 1.2), unabaki na kama 41. Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba 10 hivi kwa koti moja kwenye ukuta laini. Makoti mawili ni lita 8.3, kwa hiyo nunua makopo matatu ya lita 4. Fundi akikuambia kopo moja litatosha chumba kizima, anapanga kuongeza maji. Rangi iliyozimuliwa kupita maelekezo ya kopo hutoka kwa vidole kama chaki. Angalia alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye kopo, na uone kifuniko hakijawahi kufunguliwa.

Nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta ya miaka mingi isisuguliwe kwa msasa mkavu. Rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Tumia msasa wa maji, toa watoto nje, kusanya uchafu kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio.

Taili: geuza nyuma kabla ya kusifu mbele

Dukani taili husimamishwa chini ya taa kali na zote hupendeza. Igeuze. Weka matone machache ya maji mgongoni. Keramiki ya kawaida hunywa tone ndani ya muda mfupi. Poselini huliacha limekaa, kwa sababu kiwango chake cha kunyonya maji ni asilimia 0.5 au chini. Keramiki, zikiwemo zinazotengenezwa hapa nchini Kapeeka, zinatosha kabisa ukutani na vyumba vya kulala. Sebule inayofunguka moja kwa moja uani, koridoni na jikoni, weka poselini.

Kwa taili zenye glezi, yaani ngozi ya kioo juu, angalia daraja la PEI, kipimo cha kuhimili kuchakaa, kwenye karatasi ya bidhaa. Daraja la 1 na 2 ni za ukutani na mahali pa miguu mitupu. La 3 ni la vyumba vya kawaida vya nyumbani, la 4 ni la mahali pa viatu vyenye vumbi, la 5 ni la dukani na ofisini. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya maramu, usishuke chini ya 4 sebuleni. Poselini iliyosuguliwa ikang'aa kama kioo ni nzuri siku ya kuhamia, ila maramu huipiga mikwaruzo njia ya mlangoni hadi kochini, na ikiwa na maji ni hatari kwa wazee. Yenye uso wa matti hukaa vizuri zaidi, na madoa yake ya matope hayapigi kelele.

Utelezi una kipimo chake pia, kuanzia R9 hadi R13. R9 ni ya vyumba vikavu, R10 jikoni na bafuni, R11 kwenye baraza na ngazi zinazopigwa na mvua. Zaidi ya hapo taili inakuwa ngumu kusafisha, hakuna haja yake ndani ya nyumba.

Kabla ya kulipa fanya ukaguzi wa dakika tano. Chukua taili mbili, uzikutanishe uso kwa uso. Zikicheza au mwanga ukipita katikati kwa zaidi ya milimita moja, zimepinda, na fundi hataweza kuzilaza sawa. Soma namba ya rangi na ya ukubwa kwenye kila boksi. Taili za jina moja zenye namba tofauti hutofautiana rangi kidogo, na utaigundua tofauti zikishaganda sakafuni. Nunua zote siku moja.

Mfano wa chumba kile kile cha mita 4 kwa 3.5: sakafu ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika (15 ukilaza kwa mshazari), unapata 15.4. Boksi la taili nne za 60 kwa 60 ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 11. Skatingi ya sentimita 10 inayokatwa kutoka taili zilezile inahitaji kama mita 14. Taili moja ikitoa vipande vitano, utahitaji taili tano. Nunua maboksi 13 kwa jumla. Gundi ya taili, mfuko wa kilo 20 hufika karibu mita za mraba 4 ukitumia mwiko wa meno ya milimita 10: mifuko minne.

Hapo kwenye gundi ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi aliyezoea keramiki huloweka taili, huweka mafungu matano ya saruji, moja katikati na manne pembeni, kisha hugonga. Keramiki ilikuwa inanyonya maji ya saruji na kushika. Poselini hainyonyi. Baada ya miezi hulia tupu ukiigonga, kona huvunjika mguu wa kiti ukikanyaga pasipo na kitu chini, na siku moja safu nzima huinuka kama hema. Poselini ilazwe kwa gundi yenye polima, haiwekwi majini, na gundi ienee mgongo mzima. Kila baada ya taili kumi, inua moja iliyolazwa sasa hivi uitazame. Gundi ikiwa haijafunika karibu mgongo wote, mwambie fundi apake pia nyuma ya taili.

Zege la chini nalo liwe limekauka, wiki nne au zaidi, lisiwe na mafuta wala rangi. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati ya taili na ukuta pande zote, skatingi itaificha. Taili hupanuka joto likipanda, na zikibanwa ukutani hazina pa kwenda isipokuwa juu. Sakafu ndefu kupita mita 8 inahitaji ufa wa kupanukia uliojazwa silikoni badala ya grauti, ule mchanganyiko wa kujazia kati ya taili. Kati ya taili na taili usikubali "bila nafasi". Milimita 2 ni kidogo kabisa, 3 ni bora. Taili ndefu za muundo wa mbao zisipishane nusu kwa nusu kama matofali, kwa sababu huwa zimejikunja kidogo katikati na ncha ya moja itasimama juu ya mgongo wa nyingine. Zipishane theluthi moja.

Grauti nyeupe sakafuni, katika nchi ya udongo mwekundu, haina utetezi. Chagua kijivu au kahawia.

Niru na terazo, ambazo watu huzidharau

Kama bajeti imebana, niru nzuri, yaani sakafu ya saruji iliyolainishwa, inaishinda taili mbaya. Zege la kulainisha liwe mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu au nne, unene wa milimita 40 hadi 50, mchanga uwe umeoshwa. Unyunyizie maji na kuufunika kwa siku saba. Sakafu zinazotoa vumbi la saruji milele ni zile zilizoachwa zikauke kwa jua siku ya pili, au zilizonyunyiziwa unga wa saruji kavu juu ya maji yaliyotuama ili zilainike haraka. Ukitaka nyekundu au kijani, poda ya oksaidi iwe kama kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50, na isipite kilo 5, maana poda nyingi huipunguzia saruji nguvu. Ichanganye na saruji ikiwa kavu, kwa mfuko mzima, ili rangi isitofautiane. Igawe sakafu kwa mistari ya kukata kila mita 1.5 hadi 2, nyufa zitafuata mistari hiyo badala ya kujichagulia njia. Kisha nta, mara moja kwa mwezi au miwili.

Terazo, sakafu ya saruji yenye chipu za mawe iliyosuguliwa, tumeizoea hospitalini na shuleni, na sababu ya kuiona huko ndiyo sababu ya kuifikiria nyumbani: ikichakaa husuguliwa upya ikarudi. Chipu zake nyingi ni za marumaru, na Moroto kuna marumaru ya kwetu. Tabaka la terazo liwe na unene wa milimita 12 hadi 20 juu ya zege lililoshika, lenye vipande vya kugawia vya plastiki, alumini au shaba. Subiri siku tano hadi saba ndipo isuguliwe kwa jiwe la mashine, kutoka jiwe la chembe kubwa hadi la chembe laini, matundu yakizibwa kwa saruji kati ya mizunguko. Vumbi na tope lake ni balaa, kwa hiyo ifanywe kabla ya rangi na kabati. Adui yake ni asidi. Dawa ya choo, siki na ndimu huila marumaru na kuacha madoa yaliyopoteza mng'ao. Sabuni ya kawaida inatosha.

Sakafu ya laminati haitufai sana. Ukitaka sura ya mbao, chukua ile ya vipande vya plastiki na unga wa mawe, SPC, isiyovimba kwa maji. Kwa anayeshikilia laminati: daraja la kuhimili kuchakaa la AC3 au AC4, nailoni nzito chini yake, nafasi ya milimita 10 ukutani, na tambara lililokamuliwa hadi mwisho. Kapeti ya plastiki iko sawa kwa nyumba ya kupanga, mradi sigiri isiikaribie.

Mbao na bodi

Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, utaoneshwa mvule, mahogani, musizi, kirundu, msonobari na mkaratusi, na baadhi ya hizo zitakuwa zimepakwa rangi ya nyingine. Kata kidogo mwishoni uone rangi ya ndani. Mvule ni hazina kwa mlango wa nje, lakini kinachohimili mchwa ni moyo wa mti peke yake, ule wa kahawia. Ukanda wa njano ya pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote. Kirundu ni laini na jeupe, fukusi hulipenda; liishie ndani ya kochi, tena likiwa na dawa. Mkaratusi una nguvu ila hujipinda na kupasuka ukikauka, kwa hiyo ni wa paa zaidi kuliko kabati. Msonobari uliopikwa kwa dawa kwa mgandamizo ni chaguo la heshima kwa fremu za ndani na dari. Praima maalumu ipakwe kwenye mafundo, la sivyo utomvu utatokea juu ya rangi nyeupe kwa madoa ya manjano.

Ukavu ni muhimu kuliko jina la mti. Mbao ya ndani ya nyumba iwe na unyevu wa asilimia 12 hivi. Asiye na kipimo cha umeme achukue kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, akipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, akikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi 100 hivi hadi uzito uache kushuka, kisha apige hesabu: uzito uliopotea ugawe kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Gramu 230 zikishuka hadi 200, unyevu ni asilimia 15. Mbao hiyo ipumzike kwanza. Ipange kivulini juu ya matofali, vijiti vya unene sawa kati ya ubao na ubao kila sentimita 45 hadi 60, upepo upite. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi hukaza msimu wa mvua na kuonyesha mwanga kando kiangazi. Hata ukiwa mkavu, uache nafasi ya milimita 3 kila upande, bawaba tatu badala ya mbili, na vanishi au rangi ipakwe pia kwenye kingo za juu na chini. Kingo hizo mbili hazionekani, ndiyo maana huachwa wazi, na ndizo zinazonyonya maji.

Kabati za jikoni leo ni za bodi. Chipubodi (ya vipande vya mbao) na MDF (ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) yenye ngozi ya melamini ni sawa kwa nguo na vitabu. Chini ya sinki hazina maisha: bomba likivuja usiku mmoja, ubao huvimba na haurudi. Sanduku la sinki litengenezwe kwa plaiwudi ya gundi isiyoyeyuka majini, ya milimita 18, au lijengwe kwa matofali na taili, na milango tu iwe ya bodi. Muulize fundi akupe kipande cha plaiwudi hiyo, ukichemshe saa moja. Tabaka zikiachana, umedanganywa. Kabati isimame juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10, maji ya kuosha sakafu yapite chini, nawe uweze kumulika tochi kuona njia za udongo za mchwa. Rafu ya chipubodi ya milimita 18 isizidi sentimita 60 bila nguzo kama itabeba sukari, mchele na maharage. Kingo zote zifungwe ukanda wa PVC kwa gundi ya moto, hata zile za nyuma.

Jikoni na bafuni

Meza ya jikoni: granaiti ya milimita 20 au zaidi inavumilia sufuria ya matoke iliyotoka motoni, kisu na ndimu. Uhakika kwamba ni granaiti unapatikana kwa kipande cha mabaki na nusu ya ndimu. Weka tone, subiri dakika kumi, futa. Doa lililopoteza mng'ao linamaanisha ni marumaru, na halifai jikoni. Kisha weka maji dakika 15. Jiwe likiwa jeusi pale, linahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutumika. Tundu la sinki lisikaribie ukingo wa mbele kwa chini ya sentimita 7, hapo ndipo granaiti hukatikia wakati wa kubeba. Taili juu ya meza ya zege ni mbadala wa bei nafuu; grauti yake iwe ya epoksi, kwa kuwa ya saruji hubeba mafuta na manjano.

Sinki la chuma cha pua liwe daraja la 304, unene wa milimita 0.8 au zaidi. Daraja la 201 hupata madoa ya kutu, na sumaku haitakusaidia kutofautisha madaraja hayo mawili. Koki ishikwe mkononi: ya shaba ni nzito, ile ya aloi ya zinki iliyopakwa kromu ni nyepesi na hukatikia kwenye uzi.

Bafuni, fedha ya kwanza iende chini ya taili. Grauti hupitisha maji. Taili peke yake hazizuii. Sakafu iteremke milimita 15 hadi 20 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Paka dawa ya kuzuia maji makoti mawili, la pili likivuka la kwanza, sakafu nzima na sentimita 15 juu ya kuta, na kwenye shawa hadi mita 1.8. Kwenye kona weka utepe wa kitambaa ndani ya dawa. Ikishakauka ziba tundu, jaza maji sentimita 2 hadi 3, acha saa 24, kisha ukague dari ya chini na ukuta wa chumba jirani. Fundi atasema kipimo hicho kinapoteza siku. Mlipe siku hiyo. Kona za ukuta na sakafu zijazwe silikoni ya kuzuia ukungu, kwa sababu grauti hapo hupasuka. Na dirisha lifunguke. Hakuna rangi ya kuzuia ukungu inayoshinda bafu lisilo na hewa.

Dari, na vitu vichache vya mwisho

Dari ya jipsamu inapendeza kuliko zote, na inahitaji paa lisilovuja na lisilo na popo. Popo wakiingia darini, mkojo wao hupenya na kuacha madoa ya kahawia yanayonuka, na kupaka rangi juu yake hakusaidii. Ziba mianya ya paa kwa wavu na mbao kwanza, jioni popo wakishatoka, kisha funga dari. Bafuni na jikoni weka PVC, lakini si juu ya sigiri, kwani hulegea kwa joto. Kwa jiko la kuni au mkaa ndani, dari bora ni mbao iliyopakwa rangi ya mafuta inayooshwa masizi. Mikeka ya mafunjo ni rahisi na ya baridi, ila hukusanya vumbi na hushika moto, usiiweke karibu na tadoba.

Lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005, hukaa vizuri ukutani na kwenye vivuli vya taa za LED. Kibandike kwenye ubao mwembamba badala ya moja kwa moja kwenye plasta, mbali na jua la magharibi na mbali na maji. Ukipiga vanishi kinakuwa cheusi na kigumu. Brashi laini kavu inakitosha.

Kuta za matofali ya kupamba ya udongo, kama yale ya Kajjansi, zipakwe dawa isiyong'aa inayoruhusu ukuta kupumua. Vanishi hufungia chumvi ndani, ikatoka na uso wa tofali. Nondo za madirisha ndani ya nyumba zisuguliwe kutu zote, praima ya vyuma, kisha makoti mawili ya rangi ya mafuta, sehemu za kuunganishia zikipewa koti la ziada.

Kazi ikiisha, weka stoo boksi moja la taili za kila chumba likiwa na namba zake, kopo dogo la kila rangi lililofungwa vizuri, na kipande cha kila bodi. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kopo: chumba, tarehe, na msimbo wa mashine ya kuchanganyia rangi. Bomba likipasuka ndani ya ukuta baada ya miaka sita, taili hiyo haitakuwa tena dukani.